Mipira 553: Historia ya Mzigo wa Mrushaji wa Kasi katika Kriketi

Miongoni mwa kazi ambazo chombo chake kikuu ni mwili wa mfanyakazi mwenyewe, ni chache zilizoandikiwa hesabu kwa uangalifu kama kazi ya mrushaji wa kasi katika mchezo wa kriketi, kwa kuwa tangu karne ya kumi na tisa karani wa mchezo amekuwa akikaa pembeni mwa uwanja na daftari lake, akitia alama kwa kila mpira uliorushwa. Kwa msomaji wa Kampene, mji wa dhahabu katika eneo la Pangi, kusini-mashariki mwa Kindu, mchezo wenyewe ni mgeni, maana kriketi ilifuata bendera ya Uingereza ilhali Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, na mpira uliokita mizizi Maniema ni kandanda. Hata hivyo, swali ambalo wanahistoria wa kriketi wamelijadili kwa muda mrefu, yaani kama warushaji wa zamani walibeba mzigo mzito kuliko wa leo, si geni hata kidogo mahali ambapo babu alikuwa mpagazi wa pembe kutoka Kasongo hadi Ujiji, mwanawe akachimba kwa mshahara wa kampuni, na mjukuu huingia shimoni leo kwa sululu na karai lake mwenyewe. Kila kizazi hudai kwamba kazi yake ndiyo iliyokuwa ngumu, na kwa wapagazi na wachimbaji ushahidi wa kuamua ni haba, lakini kwa mrushaji wa kasi ushahidi upo, na jinsi hesabu hiyo inavyoweza kumsaidia au kumpotosha mwenye kuisoma ni jambo linalostahili kuchunguzwa.

Kriketi huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja. Katikati ya uwanja hutengenezwa ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa, wenye urefu wa mita 20 hivi kati ya wiketi na wiketi, na wiketi ni vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila mwisho wa ukanda, ingawa neno hilohilo hutumika pia kwa tendo la kumtoa mpigaji mchezoni. Mrushaji huulekeza mpira kwenye wiketi iliyo upande wa pili, na mpigaji aliyesimama mbele yake huilinda kwa gongo lake la mbao huku akitafuta mikimbio, yaani alama zinazopatikana hasa kwa kukimbia kutoka wiketi moja hadi nyingine. Sheria humkataza mrushaji kukunja na kukunjua kiwiko kama mtu anayetupa jiwe, hivyo kasi yote hulazimika kutoka katika mbio zake, kiuno chake na mzunguko wa bega. Mipira 6 inayorushwa na mtu mmoja kutoka upande mmoja huitwa ova, na ova inapokwisha mwenzake huanza kurusha kutoka upande wa pili, hata mrushaji wa kwanza apate dakika chache za kuvuta pumzi.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 160 hivi, na kwa hiyo mzigo wa mrushaji haumo mkononi. Mzigo umo katika hatua ya mwisho, pale ambapo mtu aliyekuja mbio huukaza mguu wake wa mbele na kuutua ardhini kwa kishindo ili mwili wa juu upinduke juu yake kama nyundo, na katika nukta hiyo mguu hupokea nguvu inayofikia mara kadhaa ya uzito wa mwili mzima, huku uti wa mgongo ukipinda upande na kujinyonga kwa wakati mmoja. Wanaorusha kwa mzunguko wa vidole, ambao huja taratibu na kuugeuza mpira unapodunda, hawapatwi na kishindo cha namna hiyo, na ndiyo sababu wanaweza kurusha siku nzima wakiwa na miaka 40. Kuhesabu mipira ya mrushaji wa kasi ni kuhesabu vishindo.

Kipimo kilichobadilika

Kikwazo cha kwanza kwa anayelinganisha enzi ni kwamba kipimo chenyewe hakikudumu. Nchini Uingereza ova ilikuwa na mipira 4 hadi mwaka 1889, ikawa na mipira 5 hadi mwaka 1900, kisha ikawa na 6, ilhali Australia ilitumia ova ya mipira 8 kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini hadi msimu wa 1978 na 1979. Anayesoma katika vitabu kwamba fulani alirusha ova 40 bila kuuliza mwaka na nchi ni kama mfanyabiashara anayenunua mchele kwa pishi bila kuuliza ni pishi ya soko gani, kwa kuwa ova 40 zaweza kuwa mipira 160 au mipira 320.

Sheria nyingine pia zilibadilika na kuuhamisha mzigo kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kabla ya miaka ya 1960 mstari wa mrushaji ulihukumiwa kwa mguu wa nyuma, hata warushaji wengi wa kasi wakajifunza kuuburuza mguu huo ardhini wakati wa kurusha, na baada ya mabadiliko ya miaka hiyo hukumu ikahamia kwenye mguu wa mbele. Idadi ya saa nayo ilikuwa tofauti, kwani hapo zamani timu iliweza kumaliza ova 20 kwa saa, ilhali kanuni ya leo ya ova 90 katika siku ya saa 6 ni sawa na ova 15 kwa saa. Mrushaji wa zamani alipata nafasi ndogo zaidi ya kupumua kati ya ova na ova, lakini katika mechi nyingi za kimataifa alipewa siku nzima ya mapumziko katikati ya mechi, desturi ambayo ilifutika mwishoni mwa karne ya ishirini.

Majira ya joto ya Tom Richardson

Mtu ambaye jina lake hutajwa kila mjadala huu unapofufuka ni Tom Richardson wa kaunti ya Surrey, aliyezaliwa mwaka 1870. Katika misimu 4 mfululizo, kuanzia mwaka 1894 hadi mwaka 1897, alipata wiketi 1,005 katika mechi za daraja la kwanza, yaani mechi za siku tatu au zaidi zinazotambuliwa rasmi, na katika mwaka 1895 peke yake alipata wiketi 290 kwa kurusha zaidi ya mipira 8,000. Msimu wa kriketi wa Uingereza hauzidi sana miezi mitano, hivyo idadi hiyo ina maana ya mtu ambaye karibu kila siku ya kazi alikuwa uwanjani akikimbia kutoka mbali, akitua, akigeuka na kurudi mahali alipoanzia.

Hata hivyo kilichomfanya Richardson awe mfano si jumla ya mwaka, bali mechi moja iliyochezwa Old Trafford, Manchester, kuanzia tarehe 16 hadi 18 Julai 1896. Ilikuwa mechi ya Testi, jina linalopewa mechi ndefu za kimataifa, na Uingereza ilikuwa ikicheza na Australia. Katika zamu ya kwanza ya Waaustralia alirusha ova 68 na kuwatoa wapigaji 7, na katika zamu ya pili, walipohitaji mikimbio 125 tu ili washinde, alirusha ova 42 na mipira 3 bila kubadilishwa kwa muda wa saa tatu hivi, akawatoa 6, lakini mwishowe Australia ilishinda ikiwa imebakiwa na wiketi 3. Kwa kuwa ova ya wakati huo ilikuwa na mipira 5, jumla yake ni mipira 553 ndani ya siku tatu, ambayo kwa kipimo cha leo ni ova 92 na mpira mmoja.

Idadi hiyo husomwa mara nyingi kama sifa, lakini kuna jambo jingine lililotokea wiki chache baadaye ambalo huipa sura kamili. Mechi ya Testi iliyofuata ilipangwa kuanza Agosti katika uwanja wa The Oval, London, na wachezaji 5 wa kulipwa, Richardson akiwa mmoja wao, walidai pauni 20 badala ya pauni 10 walizokuwa wakilipwa kwa mechi. Watatu, akiwemo Richardson, waliyaondoa madai yao na wakacheza, na wawili, George Lohmann na William Gunn, wakaachwa nje. Mtu aliyetua mara 553 kwa ajili ya timu ya taifa alikuwa, machoni pa walioiendesha timu hiyo, kibarua aliyeweza kubadilishwa akidai nyongeza.

Mgodi, ujira na sauti ya nahodha

Kriketi ya Uingereza ilikuwa na matabaka mawili yaliyoandikwa waziwazi katika kumbukumbu zake: waungwana, ambao walicheza kwa ridhaa bila mshahara, na wachezaji wa kulipwa, ambao waliishi kwa kazi hiyo. Tofauti hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 1962. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, nahodha wa timu alitazamiwa kuwa muungwana, na kazi ngumu ya kurusha kwa kasi ikawaangukia zaidi watu wa ujira, hata ikawa kwamba aliyejua uchungu wa mgongo na aliyekuwa na mamlaka ya kusema “inatosha” walikuwa watu wawili wa hali mbili tofauti. Msomaji anayeijua misafara ya zamani ya Maniema ataona mfano wake haraka, kwani mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, hakuwa yeye aliyeamua kambi ipigwe wapi.

Si ajabu, basi, kwamba wengi wa warushaji hodari walitoka katika vijiji vya migodi ya makaa ya mawe. Harold Larwood, aliyezaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha Nuncargate, Nottinghamshire, alianza kazi mgodini akiwa na miaka 14, akiwaongoza farasi wadogo waliovuta vigari chini ya ardhi. Fred Trueman, aliyezaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Stainton, Yorkshire, alikuwa mtoto wa mchimbaji na yeye mwenyewe alifanya kazi kwa muda katika mgodi wa Maltby. Ilikuwa kawaida kusemwa katika mikoa hiyo kwamba timu inayohitaji mrushaji wa kasi haina haja ya kuhangaika, iende ikapige mluzi mdomoni mwa shimo na atapanda mmoja. Utani huo ulibeba elimu ya kweli kuhusu mwili: kijana aliyezoea kuinama, kusukuma na kuchimba tangu utotoni aliletwa uwanjani akiwa na kiuno na mapaja yaliyokwisha kukomazwa na kazi, na kulinganisha mipira aliyorusha bila kuihesabu kazi iliyomtangulia ni kumpima mtu kuanzia katikati ya safari.

Kukomaa huko hakukuwa kinga ya kila jambo. Larwood, katika ziara ya Uingereza nchini Australia ya mwaka 1932 na 1933, alipata wiketi 33 katika mechi 5 za Testi, lakini viwanja vigumu vya nchi hiyo viliuvunja mguu wake wa kushoto, ule uliopokea kishindo, na baada ya mechi ya mwisho mjini Sydney hakuichezea tena Uingereza. Trueman, kwa upande wake, alidumu. Katika mwaka 1960 alirusha zaidi ya ova 1,000 na kupata wiketi 175, akawa mtu wa kwanza kufikisha wiketi 300 katika mechi za Testi mwaka 1964, na alipostaafu alikuwa na wiketi 2,304 za daraja la kwanza. Kuwataja wawili hao pamoja ni muhimu, kwa sababu kumbukumbu ya enzi yoyote huwapendelea waliodumu. Vijana ambao migongo yao iliwashinda wakiwa na miaka 20, wakarudi shimoni au kiwandani bila kuandikwa, hawamo katika mjadala wa nani alikuwa shupavu.

Kinachofanana na kinachotofautiana

Mechi za Testi zikitazamwa peke yake, matokeo huwashangaza wanaoamini kwamba warushaji wa leo wamedekezwa. Ray Lindwall wa Australia, aliyecheza Testi 61 kuanzia mwaka 1946 hadi 1960, alirusha mipira 13,650, sawa na wastani wa mipira 224 kwa mechi. Trueman alirusha 15,178 katika mechi 67, wastani wa 227. Dennis Lillee wa Australia alirusha 18,467 katika mechi 70, wastani wa 264. Courtney Walsh wa West Indies alirusha 30,019 katika mechi 132, wastani wa 227, na Glenn McGrath wa Australia 29,248 katika mechi 124, wastani wa 236. James Anderson wa Uingereza, ambaye aliaga mechi za Testi katika uwanja wa Lord's mwezi Julai 2024 akiwa na miaka 41, alirusha mipira 40,037 katika mechi 188, wastani wa 213. Kwa miaka takriban 80, basi, mzigo wa mrushaji mkuu ndani ya mechi moja ya Testi umebaki karibu palepale.

Kilichobadilika ni yaliyo kati ya mechi na mechi. Trueman alicheza Testi 67 katika miaka 13, wastani wa 5 kwa mwaka, lakini muda uliobaki alikuwa akiirushia kaunti ya Yorkshire siku 6 kwa wiki wakati wote wa majira ya joto, akisafiri kwa gari au treni kutoka mji hadi mji. Anderson alicheza Testi 188 katika miaka 21, wastani wa 9 kwa mwaka, na tangu mwaka 2000 Bodi ya Kriketi ya Uingereza ilikuwa imeanza kuwaajiri wachezaji wa taifa moja kwa moja, ikiwa na uwezo wa kuziambia kaunti kwamba mrushaji fulani apumzishwe. Mzigo wa Trueman ulikuwa kama mto wa msimu mzima, mpana na usiobadilika sana, ilhali wa kizazi cha Anderson huja kwa vilele na mabonde: wiki kadhaa za kupumzika au kujifua, kisha mechi ya siku tano, kisha ndege hadi bara lingine.

Mwendo huo wa vilele na mabonde ndio uliowashughulisha wataalamu. Lillee alivunjika pingili za chini za mgongo mwaka 1973 akiwa katika ziara ya West Indies, jeraha ambalo halitokani na pigo moja bali na mfupa kupata ufa polepole kwa sababu ya mkazo unaorudiwa, na alirudi uwanjani baada ya kuvaa plasta na kufanya mazoezi ya muda mrefu kwa msaada wa mtaalamu wa viungo Frank Pyke wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi. Kurudi kwake katika msimu wa 1974 na 1975 kulionyesha kwamba mgongo wa mrushaji unaweza kusomwa na kutengenezwa kwa mpango. Miaka takriban 30 baadaye watafiti wa Australia waliofuatilia warushaji kwa hesabu ya kila siku waligundua kwamba wanaorusha bila siku za kutosha za kupumzika huumia zaidi, jambo ambalo kila mtu alilitarajia, lakini pia kwamba wanaokaa siku nyingi bila kurusha kisha wakarudi nao huumia zaidi, na kwamba athari ya mechi moja yenye mipira mingi kupita kiasi huweza kujitokeza hata baada ya mwezi. Hatari, kwa maneno mengine, imo katika kuruka ghafla kutoka kidogo hadi kingi. Kutokana na fikra za namna hiyo mwongozo wa Uingereza kwa miaka mingi uliwawekea watoto wa chini ya miaka 13 kikomo cha ova 5 mfululizo na 10 kwa siku, kikomo ambacho katika siku za Larwood kisingeeleweka, kwa sababu mtoto wa miaka 14 alikuwa mgodini.

Mfano wa Pat Cummins wa Australia unaonyesha enzi mpya kwa pande zake zote mbili. Aliingia katika mechi ya Testi mjini Johannesburg mwezi Novemba 2011 akiwa na miaka 18, akapata wiketi 6 katika zamu moja, kisha majeraha, ya mgongo yakiwemo, yakamweka nje ya mechi za Testi hadi Machi 2017, alipocheza Ranchi nchini India. Katika karne ya Richardson kijana kama huyo angesahauliwa. Katika karne hii alisubiriwa zaidi ya miaka mitano, akapimwa na kupangiwa mipira yake, na mwaka 2021 akafanywa nahodha wa Australia, hata mamlaka ya kusema “inatosha” yakawa mikononi mwa mrushaji wa kasi mwenyewe.

Mzigo wa Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki kriketi ilikuja na utawala wa Waingereza na ikapata makao ya kudumu katika vilabu vya Wazungu na vya jamii za Kihindi, mjini Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako ilichezwa hasa mwishoni mwa wiki. Mrushaji wa kasi wa huku hakuwa kibarua wa kriketi kama Richardson, kwa kuwa siku za kazi alikuwa dukani, ofisini au shuleni. Timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilipokwenda kwenye Kombe la Dunia la kwanza, nchini Uingereza mwezi Juni 1975, ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na mmoja wa warushaji wake wa kasi alikuwa John Nagenda wa Uganda, mwandishi ambaye baadaye alikuja kuwa mshauri wa Rais Yoweri Museveni. Alikuwa na miaka 37 alipopewa mechi moja, dhidi ya New Zealand mjini Birmingham tarehe 7 Juni, ambamo alirusha ova 9 na kumtoa mpigaji mmoja kwa mikimbio 50. Mechi za kombe hilo zilikuwa za ova 60 kwa kila upande na kila mrushaji aliruhusiwa ova 12 tu, kwa hiyo hata aliyecheza mechi zote 3 za Afrika Mashariki na kuzimaliza ova zake zote asingezidi mipira 216.

Kenya, iliyojitenga na timu ya pamoja mwaka 1981, ilifika mbali zaidi. Thomas Odoyo aliingia katika Kombe la Dunia la mwaka 1996 akiwa na miaka 17, akacheza makombe 5 hadi lile la 2011, na katika mechi za kimataifa za siku moja, ambazo humpa mrushaji ova 10 tu, alipata zaidi ya wiketi 140. Kilele cha timu hiyo kilikuwa Kombe la Dunia la mwaka 2003, ambapo Kenya ilicheza mechi 9 kuanzia tarehe 12 Februari, dhidi ya Afrika Kusini, hadi tarehe 20 Machi, iliposhindwa na India katika nusu fainali mjini Durban, na ushindi dhidi ya New Zealand ukapatikana bila kucheza kwa kuwa wageni hao walikataa kuja Nairobi.

Hapo ndipo hesabu inapotoa jambo la kushangaza. Mrushaji wa Kenya ambaye angecheza mechi zote 9 na kumaliza ova zake 10 katika kila mojawapo angekuwa amerusha mipira 540 katika siku 37, yaani pungufu ya ile ambayo Richardson aliirusha Manchester katika siku tatu. Kwa anayeuangalia mzigo kama idadi tupu, hukumu imekwisha kutolewa. Lakini Richardson alifika Julai akiwa amekwisha kurusha maelfu ya mipira tangu masika, kama alivyofanya mwaka uliotangulia na ule wa kabla yake, na mwili wake ulikuwa umezoea. Mrushaji wa Nairobi alitoka kwenye kriketi ya Jumamosi na Jumapili na kuwekwa mbele ya wapigaji wa Sri Lanka, India na Australia, kila mpira ukihitaji kasi yake yote kwa kuwa katika mechi fupi hakuna ova ya kupumulia, na kombe lilipokwisha hakuwa na ratiba ya kumtunza. Mwaka 2004 na mwaka 2005 Kenya ilipata mechi chache mno za kimataifa za siku moja, wakati bodi na wachezaji wakigombana, na mwaka 2014 nchi ilipoteza hadhi ya kucheza mechi hizo rasmi. Wataalamu wa Australia walikuwa wameonya juu ya aina mbili za madhara, ya kurusha kupita kiasi na ya kukaa bila kurusha. Afrika Mashariki iliingia katika historia ya mchezo huu hasa kwa mlango wa pili.

Uganda imeonyesha sura nyingine ya jambo hilohilo. Mjini Windhoek, mwishoni mwa Novemba 2023, ilicheza mechi 6 ndani ya siku 9 za kriketi ya ova 20, ambayo humpa mrushaji ova 4 tu, na ikafuzu kwa mara ya kwanza kwa Kombe la Dunia la wanaume la mtindo huo, lililochezwa mwezi Juni 2024. Mipira 24 kwa mechi ni michache kwa hesabu, lakini mechi 6 kwa siku 9 ni mwendo ambao Trueman angeutambua. Jirani zaidi na Kivu, Rwanda, ambayo kama Kongo haikuirithi kriketi kutoka kwa Wabelgiji, iliupata mchezo huu baada ya mwaka 1994 kutokana na waliorudi kutoka Uganda na Kenya, na mwaka 2017 ilifungua uwanja wa Gahanga, kandokando ya Kigali, hata mrushaji wa kasi sasa anaweza kulelewa mwendo wa saa chache tu kutoka Ziwa Kivu.

Daftari na mwenye daftari

Historia ya mzigo wa mrushaji wa kasi, ikisomwa yote pamoja, haithibitishi kwamba wa zamani walikuwa wakakamavu na wa leo ni legelege, wala kinyume chake, kwa kuwa mechi yenyewe imedai karibu vishindo vilevile kwa miaka takriban 80, na kilichotofautisha enzi ni kazi iliyoutangulia mchezo, mapumziko yaliyoufuata, na mtu aliyekuwa na haki ya kuyaamua. Kilichobadilika zaidi ni matumizi ya daftari. Mwaka 1896 mipira 553 iliandikwa ili ijulikane nani alifanya makubwa, na hakuna aliyeisoma usiku ule ili ajue kama Richardson arushe tena wiki iliyofuata. Leo hesabu ya mipira ya mazoezini na ya mechini husomwa kila jioni na daktari na mwalimu kabla nahodha hajapanga timu ya kesho. Hesabu ileile iliyokuwa ya sifa imekuwa ya kinga, na mabadiliko hayo yalikuja pale mrushaji alipopata thamani ya kutosha machoni pa mwajiri wake hata mwajiri huyo akaona ni hasara kumpoteza.

Kwa nchi ya wachimbaji na wapagazi, somo hilo lina upande wake mchungu. Msafara wa pembe ulikuwa na daftari pia, na kampuni za madini zilikuwa na madaftari mengi zaidi, lakini kilichoandikwa ndani yake kilikuwa frasila za pembe na kilo za madini, si safari za mbebaji wala mapigo ya sululu. Ndiyo maana inawezekana kusema kwa uhakika ni mara ngapi mguu wa mtu mmoja wa Surrey ulitua ardhini katika siku tatu za Julai 1896, na haiwezekani kusema hivyo kwa mtu yeyote aliyetembea kutoka Kasongo hadi Ujiji na pembe begani.